Uvimbe Unaojificha Katika Mshipa wa Figo



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya vumbi la mawe, kelele za mashini na maji ya kunywa. Leo tunachukua ugonjwa ambao labda hujasikia jina lake hata siku moja. Wanganga wanauita anevrisma ya mshipa wa figo. Maana yake ni hii: mshipa unaopeleka damu kwenye figo umevimba mahali pamoja na kufanya kifuko.

Si ugonjwa wa watu wengi. Wanganga wanakadiria kwamba katika watu 1000 pengine mmoja tu yuko nao. Utasema: kama ni hivyo, sababu gani kutusumbua na ugonjwa wa mtu mmoja? Sababu ni kwamba dalili zake, zinapotokea, ni zile zile tunazozisikia kila asubuhi mlangoni mwa dispansere. Kiuno kinauma. Tansio iko juu. Mkojo una damu. Na kwa kila dalili mgonjwa anakuja na maelezo yake tayari: kiuno ni kazi nzito, tansio ni mawazo ya nyumbani, damu ni bilarzia. Mara nyingi maelezo hayo ni ya kweli. Siku yanapokuwa si ya kweli, lazima mtu aendelee kutafuta, na mtu huyo hawezi kuwa munganga peke yake. Lazima na wewe usaidie.

KIFUKO KINATOKEA NAMNA GANI?

Mafigo ni mawili, kila moja karibu na ukubwa wa ngumi, nyuma ya tumbo, chini ya mbavu za mwisho. Ni madogo lakini yanakunywa damu nyingi. Moyo wa mtu aliyepumzika unasukuma karibu litre 5 kwa dakika, na karibu litre moja katika hizo inakwenda kwa mafigo. Damu hii yote inapita katika mishipa ambayo unene wake haufiki kidole chako kidogo: milimetre 5 au 6 tu.

Umekwisha kuona mpira wa ndani wa kinga uliochoka. Ukipiga pompo, mpira unajaa sawasawa, lakini mahali penye udhaifu unatoa tumbo. Mshipa wa figo unafanya vile vile. Kwa wagonjwa wengi tumbo hilo linatokea mahali mshipa unapogawanyika kuwa matawi, kwa kuwa pale damu inagonga ukuta kwa nguvu zaidi.

Kwa watu wengine ukuta wa mshipa wenyewe una kasoro: sehemu moja ni nene, nyingine nyembamba, hata kwenye picha mshipa unafanana na shanga zilizotungwa. Kasoro hii inapatikana kwa wanawake zaidi kuliko wanaume. Kwa wengine ni mishipa iliyokuwa migumu kwa sababu ya umri na tansio. Na kuna wale waliopigwa ubavuni. Hao ndio wanaotuhusu sana sisi watu wa kazi ya mawe, nitarudi kwao.

Je, kifuko kinapasuka? Sitaki kukutisha bure. Katika mwaka 2015 wanganga wa hospitali 16, wengi wao wa Marekani, walitoa habari za wagonjwa wao 760 wenye vifuko 865. Wagonjwa 75 katika 100 hawakusikia kitu chochote. Vifuko vilikuwa vikikua polepole sana, chini ya milimetre moja kwa mwaka. Waliopasukiwa walikuwa 3 tu, wote wakapasuliwa haraka na wote wakapona. Basi mtu anayeambiwa leo kwamba yuko na kifuko kidogo asianze kugawa mali yake.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye hesabu hii haimtoshi, naye ni mama mwenye mimba. Wakati wa mimba damu mwilini inaongezeka na kuta za mishipa zinalegea. Kifuko kikipasuka katika miezi ile, hasa ile ya mwisho, ni hatari kubwa sana kwa mama, na kwa mtoto zaidi. Kwa hiyo mwaka 2020 chama cha wapasuaji wa mishipa cha Marekani kiliandika shauri hili: kwa watu wengine kifuko kisicho na dalili kinatengenezwa kikifika sentimetre 3, kwa mwanamke anayeweza kupata mimba, kitengenezwe hata kama ni kidogo. Unaona basi kwamba kwa mwanamke mchanga, kukitambua kifuko mbele ya mimba ni jambo la uzima.

MAMBO YANAYOANZA KWA DISPANSERE

Tuseme ni wewe. Una miaka 28, mwili una nguvu, na siku ya uchunguzi wa kila mwaka tunakuta tansio yako ni 17 juu ya 11. Kwanza tutakuambia ukae kitako dakika 5, miguu chini, mkono juu ya meza, bila kusema. Kiisha tutapima tena, na siku nyingine tena. Mtu aliyekuja mbio, au aliyetoka tu kuvuta sigara mlangoni, anatupa hesabu isiyo na maana.

Kama tansio inabaki juu, basi umri wako unatuambia kitu. Mzee wa miaka 60 mwenye tansio hatushangai. Kijana wa chini ya miaka 30, au mtu wa umri wowote anayemeza kweli dawa aina tatu na tansio haishuki, lazima tumtafutie sababu, na mafigo ni mahali pa kwanza pa kutazama. Figo lisilopata damu ya kutosha linafikiri kwamba mwili mzima umekosa damu, nalo linatoa kitu kinachopandisha tansio. Munganga Harry Goldblatt alionyesha hivyo huko Marekani mwaka 1934, alipobana mshipa wa figo wa mbwa na kuona tansio yao inapanda. Kifuko kinafuatana mara nyingi na mahali pembamba karibu yake, ndiyo maana vitu hivi viwili vinatembea pamoja. Nimesema «anayemeza kweli» kwa kusudi. Wengi wanameza dawa wiki ya kwanza, kiisha zinabaki juu ya kabati.

Tutachukua mkojo wako na kutia ndani kijiti kinachobadilisha rangi. Damu kidogo isiyoonekana kwa macho itaonekana pale. Lakini mkojo mwekundu peke yake si ushuhuda wa damu: dawa ya kifua kikuu inayoitwa rifampisini inafanya mkojo kuwa rangi ya chungwa au nyekundu, na watu wanashtuka bure. Kama ni damu ya kweli, tutatafuta mayai ya bilarzia kwa mikroskopi. Tukiyaona, utapewa dawa. Hapa ndipo ninapokuomba jambo moja: rudi. Watu wanakunywa vidonge, wanafurahi, hawarudi tena. Damu iliyobaki nyuma ya dawa ya bilarzia pengine haikuwa ya bilarzia tu, na hatuwezi kujua kama hukurudi na kopo lako.

Munganga atasikiliza tumbo na mgongo kwa mpira wake wa masikio. Mara chache anasikia mvumo wa damu, kama maji yanayopita katika bomba lililobanwa. Asiposikia kitu, haina maana kwamba hakuna kitu. Tena mara nyingi mkono hauwezi kugusa kifuko hiki kutoka nje, maana kiko ndani sana. Kwa hiyo dispansere haiwezi kutambua anevrisma. Kazi yetu ni kuona kwamba mtu huyu anastahili picha, na kumwandikia karatasi ya kwenda hospitali.

JIWE AMBALO SI JIWE, MAJI AMBAYO SI MAJI

Kwenye picha ya radio ya kawaida, mshipa hauonekani. Lakini katika zaidi ya nusu ya wagonjwa wale 760, ukuta wa kifuko ulikuwa umeshika chokaa, na chokaa inaonekana nyeupe. Mtu mwenye haraka atasema ni jiwe la figo. Mwenye kutazama vizuri ataona tofauti: mara nyingi jiwe ni jeupe hata katikati, lakini kifuko kinafanya duara, kama ganda la yai au pete. Ukiambiwa «una jiwe», una haki ya kuuliza: Munganga, ni jiwe lililojaa au ni pete? Hatakasirika, na akikasirika, uliza tena kwa upole.

Kiisha ni ekografia. Mashini hii haina mionzi, haina sindano, na hata mama mwenye mimba anapimwa nayo bila hofu. Utaambiwa usile asubuhi, kwa kuwa hewa ya tumbo inaficha mishipa. Watakupaka mafuta baridi na kupitisha chombo juu ya ngozi. Sasa sikiliza vizuri. Katika ekografia, maji ni meusi, na damu vile vile ni nyeusi. Mfuko wa maji ndani ya figo ni kitu cha kawaida sana kwa watu wazima, hauna neno. Kifuko cha mshipa kinafanana nao kama pacha. Mtu akiamini kwamba ni maji na kuingiza sindano ili kuyatoa, atakuwa ametoboa mshipa.

Dawa ya kosa hili ni rahisi. Mashini za ekografia zina kitu kinachoitwa dopleri, kinachopaka rangi damu inayotembea: ile inayokuja kwenye chombo ni nyekundu, ile inayokwenda mbali ni bluu. Mfuko wa maji unabaki mweusi. Kifuko cha mshipa kinageuka nusu nyekundu na nusu bluu, sababu damu inazunguka ndani yake. Ni kazi ya dakika chache. Kwa maoni yangu, hakuna mfuko ulio karibu na mlango wa figo unaopaswa kuchomwa sindano mbele ya kutazamwa kwa rangi. Hata hivyo ekografia inategemea sana mkono wa anayeishika, na kwa mtu mnene kifuko kidogo kinaweza kupotea.

SKANERI

Picha inayosema kweli zaidi ni ya skaneri. Mgonjwa wa kwanza aliyepigwa picha ya skaneri alipigwa London mwaka 1971, kwa mashini ya Mwingereza Godfrey Hounsfield, ambaye mwaka 1979 alipata zawadi ya Nobel pamoja na Allan Cormack. Siku zile ilichukua dakika nyingi kupata kipande kimoja cha kichwa. Leo mashini inakata tumbo zima kwa picha za vipande vyembamba, kwa muda wa kushika pumzi mara moja. Shauri lile la mwaka 2020 linaweka skaneri ya mishipa mbele ya vyombo vyote kwa ugonjwa huu. Inaonyesha ukubwa wa kifuko kwa milimetre, mahali kilipo, na matawi yanayotoka ndani yake. Mpasuaji bila habari hizo anafanya kazi gizani.

Utalala juu ya kitanda kinachoingia katika duara kubwa lililo wazi. Watakutia sindano mkononi na kupitisha dawa yenye iodi ili mishipa ing'ae. Utasikia joto linapita mwilini mwote, hata utafikiri umejikojolea. Hukujikojolea. Ni dawa. Wanaume wakubwa wametoka pale na haya bila sababu.

Mbele ya sindano sema kila kitu. Mama, sema kama una mimba, au kama siku zako zimechelewa. Sema kama dawa ya picha ilikwisha kukuletea upele au kukufunga pumzi. Sema kama unameza metformini kwa ugonjwa wa sukari. Tena lazima damu yako ipimwe kreatinini, ambayo inaonyesha kama mafigo yanafanya kazi vizuri, maana dawa hii inatoka kwa njia ya mafigo na inaweza kuyaumiza yale yaliyo dhaifu.

Kwa wasioweza kupata mionzi au dawa hiyo, iko mashini nyingine ya sumaku inayoitwa IRM, ambayo inaweza kuonyesha mishipa hata bila dawa. Haipatikani kila mahali. Ukienda kwake, wewe wa kazi ya vyuma, usisahau hili: kama hata mara moja kipande cha chuma kilikurukia jicho, wakati wa kugonga nyundo au kunoa vyombo, sema mbele ya kuingia. Sumaku inaweza kukisogeza chuma kilichobaki ndani na kuliharibu jicho. Watakupiga kwanza radio ya macho.

Ya mwisho ni picha ya mishipa kwa njia ya kateteri. Si kitu kipya. Reynaldo dos Santos alipiga picha za mshipa mkubwa wa tumbo huko Lisbon mwaka 1929, na Sven Seldinger wa Sweden alionyesha mwaka 1953 njia ya kuingiza mrija mwembamba kwa sindano bila kupasua. Mrija unaingia katika mshipa wa paja au wa mkono na kupanda hadi kwenye figo. Leo hawafanyi hivyo kwa kutafuta tu. Wanafanya wakati skaneri imekwisha kuonyesha na wanataka kutengeneza, au wakati vifuko ni vidogo mno. Kwa mfano, kuna ugonjwa unaochoma kuta za mishipa, na mara zingine unafuatana na ugonjwa wa ini wa aina B. Huko vifuko ni vingi, vya milimetre chache tu, vimetawanyika ndani ya figo. Kateteri inaviona kuliko mashini zingine.

ULIYEPIGWA UBAVUNI

Sasa nirudi kwa yule aliyepigwa. Jiwe limeanguka juu yako, au umeteleza kutoka ngazi na ubavu ukagonga chuma. Siku ile mkojo ulikuwa mwekundu kidogo, kesho yake ukawa safi. Unashukuru, unarudi kazini. Kumbe ndani, tawi moja la mshipa wa figo lilichanika, na damu ikajifanyia chumba pembeni yake. Chumba hiki hakina ukuta wa kweli wa mshipa. Kimeshikwa na nyama ya figo na damu iliyoganda tu. Nyuma ya siku chache, au wiki moja, mbili, hata zaidi, kinapasukia ndani ya njia ya mkojo. Ghafula unakojoa damu nyingi, na mabonge.

Mambo hayo hayo yanaweza kutokea nyuma ya kuchomwa kisu, nyuma ya kutolewa kipande cha figo kwa sindano ili kipimwe, au nyuma ya kutolewa mawe ya figo kwa tundu la mgongoni.

Wengine wanaficha pigo kwa sababu hawataki kupoteza siku za kazi, au kapita amesema «hiyo ni kitu kidogo». Niruhusu niseme wazi: aliyepigwa ubavuni aandikishe pigo lake siku ile ile, hata kama anatembea vizuri. Ukifika hospitali wiki mbili nyuma yake ukikojoa damu usiku, munganga asiyejua habari ya pigo atafikiri bilarzia, atafikiri jiwe. Anayejua atapiga skaneri haraka, na kwa kateteri mara nyingi wanaweza kufunga tawi lile moja kwa nyuzi ndogo za chuma zilizojikunja, figo lingine lote likabaki salama.

Na wewe mama wa nyumbani, uangalie hili. Mtu akishikwa ghafula na maumivu makali ubavuni au mgongoni, jasho baridi, macho kuzunguka, kizunguzungu anaposimama, usimpe chai wala dawa ya mgongo. Alale chini, asinywe kitu, gari la wagonjwa liitwe. Kama ni mwanamke mwenye mimba, sema kwa wanganga kwamba maumivu yalianzia ubavuni, kwa sababu wote watafikiri kwanza tumbo la uzazi.

UKIKUTWA NA KIFUKO

Ukikutwa nacho, munganga wa mishipa atachagua: kutengeneza, au kulinda tu kwa macho. Usidhani kwamba kutengeneza kunaondoa tansio kila mara. Katika wale wagonjwa wa habari ya 2015 waliotengenezwa kwa sababu ya tansio ngumu, 32 katika 100 walipona tansio kabisa na 26 walipata nafuu. Waliobaki waliendelea na tansio yao na vidonge vyao.

Kama ameamua kulinda, utarudi kupigwa picha mwaka unaofuata, na kama kifuko hakikui, baadaye kila miaka miwili au mitatu. Chukua picha ya kwanza kila unapokwenda. Bila hiyo, hata munganga mkubwa hawezi kusema kama kifuko kimekua au kimebaki vile vile. Zifunge katika plastiki na kuziweka juu, mbali na mvua na mikono ya watoto, pamoja na karatasi yenye aina ya damu yako.